Jina la ukoo halitoshi: maswali yenu kuhusu kutafuta asili Uskoti

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu wa huku Kongo afanyeje ili afike mahali alipozaliwa babu yake Mskoti? Kwa Katanga swali hili lina mizizi. Robert Williams, aliyeunda kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899 na kutuma watu kutafuta madini huku, alikuwa mzaliwa wa Aberdeen. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilipofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, mafundi wengi waliokuja nayo walikuwa wasema Kiingereza, Waskoti wakiwemo. Baadhi yao waliondoka na watoto wakabaki kwa mama zao.

*Nkambo (babu) wetu aliitwa John Mackay, fundi wa mashine mgodini kabla ya 1920. Tuna picha moja na bahasha iliyoandikwa "Tongue". Watoto wamechanga pesa ya tikiti. Tukishuka Uskoti tuanzie wapi?*
Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi

Papa, pesa ya tikiti iwekeni kwanza. Kazi kubwa ya safari hii inafanyikia hapo hapo nyumbani, na anayeruka hatua hiyo hurudi na picha za milima tu.

Tongue ni parokia ya pwani ya kaskazini, katika jimbo la Sutherland, na nchi ile ni ya akina Mackay tangu kale. Ukimtafuta John Mackay pale bila neno jingine, ni kama kumuulizia Ilunga katika soko la komini ya Kenya, Lubumbashi, bila kumtaja baba yake. Mnahitaji angalau mawili kati ya haya: mwaka wa kuzaliwa (hata wa kukisia, mradi usipotee zaidi ya miaka mitano), jina la mzazi mmoja, jina la ndugu yake, au jina la shamba walilokaa. Tazameni mgongo wa picha, kwani wapiga picha wa zamani waligonga muhuri wenye jina la mji. Tazameni muhuri wa posta kwenye bahasha: tarehe yake itawaambia ni sensa ipi mfungue. Ulizeni wazee majina ya watoto wake, na tutaeleza hapa chini kwa nini. Kisha nendeni parokiani kuomba kitabu cha ubatizo, na kwenye komini mlikoandikishwa. Kuhusu kazi yake, karatasi za Union Minière zinatunzwa na Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, Brussels. Waandikieni mkitoa jina, cheo na miaka.

Mkishapata hayo, ingieni ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Kujisajili na kutafuta majina ni bure, kinacholipiwa ni kufungua picha ya ukurasa wenyewe. Unanunua pointi: bei iliyozoeleka ni pauni 7.50 kwa pointi 30, na ukurasa mmoja wa uzazi, ndoa, kifo au sensa hula pointi 6. Yaani kurasa tano, kisha pointi zimekwisha. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa: wanafungua kila John Mackay wanayemwona. Msifanye hivyo. Punguzeni kwanza kwa parokia na kwa miaka, tena mtumie alama ya nyota badala ya herufi zenye utata, maana karani mmoja aliandika Mackay, mwingine McKay, mwingine M'Kay. Orodha ikibaki na watu watatu au wanne, hapo ndipo mfungue.

Kwa nini tunasisitiza karatasi hizi? Kwa sababu ni tajiri kuliko za nchi nyingi. Uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855. Ukurasa wa uzazi wa miaka ya nkambo wenu unataja saa aliyozaliwa, mahali, kazi ya baba, jina la mama kabla ya kuolewa, pamoja na tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Kwa ukurasa mmoja mmeshapata ufunguo wa ukurasa wa ndoa, na ule wa ndoa unawataja wazazi wa pande zote mbili. Mnapanda kizazi kwa kizazi bila kubahatisha. Uzazi ambao haujafikisha miaka 100 haufunguki mtandaoni, ndoa miaka 75, vifo miaka 50. Kwa mtu wenu hilo si tatizo.

Baada ya uzazi, fungueni sensa. Zipo za kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Sensa inaonyesha nani alilala nyumba ipi usiku ule, umri wake na kazi yake, nayo huandika jina la shamba au kijiji kidogo. Hilo jina dogo ndilo tiketi yenu halisi. Lichukueni hadi kwenye ramani za kale za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambazo ziko mtandaoni bure, muweke ramani ya karne ya 19 kando ya picha ya setilaiti. Nyumba ambayo leo ni kuta za mawe ndani ya majani mtaiona bado imechorwa pale.

Sasa majina ya watoto. Familia nyingi za Waskoti zilifuata desturi: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Kama nkambo wenu aliwapa watoto wake wa Elisabethville majina ya Kiskoti, huenda aliwaachia majina ya wazazi wake bila kusema. Si sheria, lakini kati ya John Mackay wanne, yule ambaye baba yake anaitwa kama mwana wa kwanza wa nkambo wenu anastahili kufunguliwa wa kwanza.

Msisahau vitabu vya Waskoti waliozaliwa, kuoa au kufa nje. Tovuti hiyo hiyo ina vitabu vya nchi za kigeni vya 1860 hadi 1965, na taarifa za makonsuli kuanzia 1914. Kama alifia huku na mtu akatoa habari, jina laweza kuwa humo.

*Mimi nina viza ya Schengen ya kwenda Brussels. Nitapita nayo hadi Edinburgh? Na je, kuwa na babu Mskoti hakunipi haki ya karatasi?*
Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Hapana kwa yote mawili, ndugu. Uskoti ni sehemu ya Uingereza, na Uingereza haimo katika Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Unahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, inayokuruhusu kukaa hadi miezi sita. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, ada inalipwa kwa kadi (ni zaidi ya pauni 100, nayo hupanda karibu kila mwaka), kisha unakwenda mwenyewe kituoni kutoa alama za vidole na picha. Ombi la viza ya mgeni unaweza kulipeleka katika kituo cha nchi yoyote, ndiyo maana watu wa Kivu hutazama Kigali na watu wa Katanga hutazama Lusaka kabla ya kufikiria Kinshasa. Jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki tatu.

Maombi huharibika kwa sababu zilezile. Taarifa ya benki inayoonyesha pesa nyingi zilizoingia wiki moja kabla, bila maelezo ya zilikotoka. Barua ya kazi isiyotaja tarehe ya kurudi. Karatasi za Kifaransa zisizotafsiriwa na mtafsiri anayetambulika. Na sababu ya safari iliyoandikwa "utalii" tu. Wewe una sababu nzuri zaidi: andika kwamba unafuatilia ukoo, taja parokia, weka nakala ya ukurasa wa uzazi uliolipia, na ratiba ya siku kwa siku.

Kuhusu haki ya karatasi, ipo viza ya Uingereza ya watu wenye babu au bibi aliyezaliwa huko, lakini ni ya raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Kongo si mwanachama. Usimlipe mtu anayekuahidi kinyume chake.

Jambo moja la njiani: mwenye pasipoti ya Kongo akibadilisha ndege Brussels au Paris huhitaji viza ya kupitia uwanja, hata kama hatoki nje. Kwa hiyo, asiye na viza ya Schengen, kupitia Addis Ababa ni salama zaidi.

*Koko (bibi) yangu alizaliwa kwenye shamba la Mzungu karibu na ziwa Kivu, akachukuliwa mdogo kupelekwa kwa masista wa Save, Rwanda. Husemwa baba yake alikuwa Mskoti, lakini jina hatunalo. Kuna njia?*
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

Mama, pole, na pole kwa koko. Njia ipo, ila haianzii Uskoti. Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika na mama zao, na misheni ya Save ilipokea watoto wa Rwanda, Burundi na Kivu. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu jambo hilo mwaka 2018, waziri mkuu akaomba radhi hadharani Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali katika kesi ya wanawake watano waliotenganishwa hivyo. La kukufaa wewe ni hili: Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zina kazi maalumu, inayoitwa Résolution-Métis, ya kuwasaidia wahusika na wazao wao kufikia mafaili. Andika kwa Kifaransa. Toa jina la koko kwa maandishi yote yaliyowahi kutumika, maana majina ya watoto yalibadilishwa, mwaka wa kukisia, jina la mama yake, kijiji, na jina la shamba. Ukiwa na picha ya ubatizo wake wa Save, iambatanishe. Jina la baba likitokea humo, rudi kwenye jibu la kwanza. Lisipotokea, soma linalofuata.

*Kipimo cha vinasaba kinasaidia kweli, au ni biashara?*
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

Kinasaidia kikitumiwa vizuri. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya baba, mjukuu karibu robo, kitukuu karibu asilimia 12.5, na kila kizazi hupunguza. Kwa hiyo apimwe mzee aliye hai wa karibu zaidi na yule Mskoti, asipimwe kijana mwenye simu nzuri. Ramani ya asilimia za asili wanayokupa ni makisio. Chenye thamani ni orodha ya watu wengine waliopimwa mnaoshiriki damu. Kitukuu wa Lubumbashi na kitukuu wa Uskoti waliotokana na babu huyo mmoja kwa mama tofauti hushirikiana kwa wastani takriban sentimogani 120 (kipimo cha wingi wa vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki). Ukiona namba ya kiasi hicho, mwandikie mtu huyo.

Kama ukoo unashuka kwa wanaume watupu, mwana wa mwana wa mwana, kipo pia kipimo cha kromosomu Y, ambacho hulinganisha mstari wa baba peke yake. Kwa aliyepitia kwa bibi hakifai, usilipie.

Vifaa havifiki Kongo kwa urahisi, basi mwombe jamaa aliye Ubelgiji au Uingereza. Usiagize kwa anwani ya Ufaransa: sheria ya huko inakataza vipimo vya aina hii. Mzee asile, asinywe, asivute kwa nusu saa kabla ya kutema mate, na mate yafike mstari bila kuhesabu povu. Wazee wenye mdomo mkavu wanashindwa hapa. Kwao chagua kampuni inayotumia kijiti cha kusugulia shavu.

Ukimwandikia ndugu uliyempata, ujumbe wa kwanza uwe mfupi: wewe ni nani, karatasi gani unayo, unamtafuta nani. Neno urithi lisiwemo, wala ombi la barua ya mwaliko. Huenda yeye hajui kabisa kwamba mzee wao aliacha mtoto Katanga, na anahitaji muda.

*Shemeji yetu anakaa Glasgow. Tukifika kwake, tutafikaje vijijini: gari la kukodi au basi? Tunataka kaskazini na kisiwa cha Lewis.*
Msomaji wa Himbi, Goma

Yaya, inategemea leseni na kadi ya benki kuliko inavyotegemea mapenzi. Mgeni anaweza kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12, lakini leseni iliyoandikwa Kifaransa iambatane na kibali cha kimataifa. Kinachokwamisha wengi ni kadi: makampuni mengi ya kukodisha yanadai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi zetu za kujaza pesa hukataliwa kaunta. Mwacheni shemeji huyo akodi gari kwa jina lake, naye aendeshe.

Wanaendesha kushoto. Omba gari la gia za kujiendesha zenyewe, ili mkono na macho yashughulike na barabara peke yake. Huko kaskazini, kwa mfano kutoka Lairg kwenda Tongue, barabara ni ya gari moja, yenye sehemu ndogo za kupishania zilizowekewa kibao. Sheria ni rahisi: ikiwa sehemu iko kushoto kwako, ingia. Ikiwa iko kulia, simama mkabala nayo upande wako, mwenzako ndiye aingie. Usivuke kwenda kulia kamwe. Mwenye haraka nyuma yako, mpishe papo hapo. Usiegeshe humo kupiga picha, kwani daktari au lori la samaki likikwama, kijiji kizima kitajua ni wageni gani. Kondoo hulala barabarani, na wanyama wakubwa mfano wa swala hutokea jioni. Kwa kilomita 60 weka saa moja na nusu.

Bila gari: treni kutoka Glasgow hadi Inverness huchukua saa tatu na zaidi kidogo. Kutoka hapo reli inaendelea hadi Lairg na Thurso, lakini Tongue haina reli, na mabasi ya huko ni machache mno. Lewis ni rahisi zaidi: basi kutoka Inverness hadi Ullapool, kisha feri ya karibu saa mbili na nusu hadi Stornoway. Abiria wa miguu hapati shida ya nafasi. Gari lazima liwekewe nafasi wiki nyingi kabla katika miezi ya kiangazi. Upepo ukichafuka feri hufutwa, basi usipange kuondoka kisiwani siku moja kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Jumapili Lewis hupumzika kwa dhati: mabasi hayatembei na maduka mengi hufungwa. Nunua chakula Jumamosi, na ukipenda nenda kanisani, ndiko utakakokutana na watu wote. Ukiwa visiwani pitia Seallam!, kituo cha kijiji cha Northton, Harris, kinachotunza nasaba za visiwa hivyo.

Nendeni Mei au mapema Septemba. Mwezi Juni mwanga wa mchana hudumu kama saa 18 kwa siku, lakini kiangazi kina usubi wao, wadogo kuliko wetu na wengi kuliko mvua, wakali asubuhi na jioni pasipo na upepo. Chandarua cha kichwani ni pesa kidogo na kinaokoa safari. Desemba mchana hudumu saa sita na nusu hivi tu, makaburi hutayasoma.

*Nimeambiwa makaburi ya kale hayasomeki. Nifanye nini nikifika?*
Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Kwanza, jua nani mwenye funguo. Viwanja vingi vya makaburi vya zamani viko chini ya halmashauri ya eneo tangu sheria ya 1925, kwa hiyo kitabu cha makaburi ombea halmashauri, mchungaji huenda hana. Omba kabla ya safari. Maskini wengi hawakuwekewa jiwe, na kitabu ndicho kitakachokuonyesha mahali.

Jiwe lenye ukoga wa kijivu na njano usilisugue kwa brashi ya waya, usipake chaki wala povu la kunyolea: jiwe la mchanga humeguka na maandishi hupotea kabisa. Tumia maji safi na brashi laini ya nywele. Kisha mwanga wa pembeni: tochi iwekwe ubavuni mwa jiwe, karibu sana, uso wa jiwe ukiwa kivulini. Herufi husimama zenyewe. Piga picha nne, tochi ikitoka kila upande. Kumbuka pia kwamba mke huandikwa kwa jina la kwao, na hilo ni zawadi kwa mtafutaji.

Katika nyika za Uskoti una haki ya kutembea kwa mguu hata kwenye ardhi ya mtu, kwa sheria ya 2003, mradi usiingie bustani ya nyumba yake, usikanyage mazao, na geti uliache ulivyolikuta. Kwa wenye ukoo wa Sutherland, tembeleeni Rosal, karibu na Syre: kijiji cha bonde la Strathnaver ambako wakulima walifukuzwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili kondoo wachukue ardhi. Misingi ya nyumba ipo, na njia ya miguu inazunguka. Jumba la makumbusho la Strathnaver liko Bettyhill, katika kanisa la zamani. Wengi waliotoka bonde lile walisukumwa hadi pwani, ndiyo maana familia yako inaweza kuonekana Tongue mwaka 1841 huku asili yake ikiwa kilomita nyingi ndani.

*Kanisa letu lilitokana na wamisionari wa Garenganze. Kikundi cha waamini kinataka kuona walikotoka.*
Mzee wa kanisa, komini ya Kenya, Lubumbashi

Baba mzee, Frederick Stanley Arnot, aliyeanzisha misheni hiyo alipofika Bunkeya kwa Msiri, mfalme wa Garenganze, mwaka 1886, alizaliwa Glasgow mwaka 1858 na utoto wake mwingine aliupitishia Hamilton, jirani na familia ya Livingstone. Dan Crawford, mmisionari wa Luanza aliyefariki 1926, alitoka Gourock, mji wa bandari magharibi ya Glasgow. Gourock na Hamilton zote zinafikika kwa treni kutoka Glasgow, kila moja kwa siku moja. Njia ya Hamilton mwaweza kuiunganisha na Blantyre, penye nyumba alimozaliwa Livingstone mwaka 1813, ambayo sasa ni makumbusho.

Barua na taarifa za misheni hiyo, hata hivyo, haziko Uskoti. Ziko Manchester, England, katika maktaba ya John Rylands, kwenye hazina ya nyaraka za Christian Brethren. Kama mnatafuta majina ya waamini wa kwanza wa Bunkeya na Luanza, siku moja Manchester inafaa kuliko siku tatu Gourock. Waandikieni mapema mkitaja miaka mnayoitaka, kwani masanduku hutolewa ghalani kwa kuagizwa, na kila msomaji aende na kitambulisho chenye picha.